Kompyuta Inapokawia Mtandaoni, Tafuta Kosa Kuanzia Mezani

Nyumba ya pwani ya Kismayo iliyo na kompyuta ya mezani haikuinunua kompyuta hiyo kwa anasa. Mchana watoto huisomea, mwenye biashara huitumia kuandikia hesabu zake, na jioni ukoo mzima hukusanyika mbele yake ili kuzungumza na jamaa walio mbali. Vita vilivyoanza mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wa Kismayo na wa visiwa vya Chula, Chovai, Koyama na Ngumi. Wengi walipanda majahazi na mashua kuelekea Lamu, Malindi na Mombasa, na baadhi yao wakafika hata Uingereza. Kwa hiyo uso wa dada unapoganda kwenye kioo, na sauti ya mama mzazi inapokatika katikati ya neno, hapo hapajaharibika mashine tu. Askari aliye lindo la mbali, ambaye amepata nusu saa moja kwa juma ya kuwaona wanawe, anaujua uchungu huo vizuri kuliko mtu yeyote.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mtandao unapokawia, watu wengi huanza kwa kutoa fedha. Mmoja hulipia kifurushi kikubwa zaidi, mwingine hununua kompyuta mpya, na wa tatu humwita fundi ambaye hufuta kila kitu kilichokuwamo ndani ya mashine, pamoja na picha za harusi. Baada ya hayo yote mtandao huendelea kujikokota kama kawaida, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye kipande cha waya kilichopita nyuma ya kabati. Kukawia si ugonjwa, ni dalili, na chanzo chake kinaweza kuwa mahali popote katika njia ndefu sana. Mtu asiyejua kosa liko sehemu gani ya njia hiyo hana budi kubahatisha.

Yafaa basi kuijua njia yenyewe. Neno linaloandikwa kwenye kibodi huko Kismayo hutoka kwanza kwenye kompyuta, likapita katika waya au katika mawimbi ya waifai hadi kwenye ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kinachogawa mtandao nyumbani. Kutoka hapo huenda kwenye mnara au mtambo wa kampuni ya simu, kisha husafiri hadi kwenye mkongo wa baharini au kwenye setilaiti, na kutoka huko huelekea ng'ambo. Mkongo wa EASSy, ulioanza kazi mwaka 2010, umelazwa chini ya bahari kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan, na njiani una vituo Maputo, Dar es Salaam, Mombasa, Mogadishu na Djibouti. Sehemu za mwanzo za safari hiyo zimo mikononi mwa mwenye nyumba. Zilizobaki hazimo.

Kwamba hizo zilizobaki nazo huharibika, wakazi wa Somalia hawahitaji kufundishwa. Mwezi Juni 2017 nanga ya meli ya mizigo iliukata mkongo huo karibu na Mogadishu, na sehemu kubwa ya kusini na kati ya nchi ikakosa intaneti kwa zaidi ya wiki tatu. Waziri aliyehusika na mawasiliano alieleza wakati ule kwamba hasara ilifikia dola milioni 10 kwa siku. Tena tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko wakaona kurasa zikifunguka kwa shida au zisifunguke kabisa. Siku kama hizo kununua kompyuta mpya ni sawa na kushona tanga jipya wakati pepo zimekufa.

Hata hivyo mikongo haikatiki kila juma, ilhali malalamiko ya mtandao mzito ni ya kila siku. Ndiyo maana uchunguzi huanzia mezani, ukatoka nje hatua kwa hatua.

Kipimo cha kwanza hakihitaji ujuzi wowote. Iwashe simu, iunganishe na waifai ile ile ya nyumbani, isogeze karibu kabisa na kompyuta, kisha fungua ukurasa mmoja kwenye vyombo vyote viwili kwa wakati mmoja. Simu ikifungua upesi na kompyuta ikakawia, kosa lipo kwenye kompyuta au kwenye kiungo chake na ruta. Vyote viwili vikikawia, sogea na simu hadi ilipo ruta. Ikipata nguvu ghafla, tatizo ni mawimbi ndani ya nyumba. Isipopata nguvu hata ikiwa imesimama kando ya ruta, basi ama ruta yenyewe ina kasoro, ama kifurushi kimejaa watumiaji, ama kosa liko nje ya nyumba. Dakika tano zimetosha kupunguza nusu ya mashaka.

Kipimo cha pili kinahitaji uvumilivu kidogo, lakini mtoto wa shule ya kati anaweza kukifanya. Kwenye kompyuta inayotumia Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kioo cheusi kitafunguka. Andika ipconfig, na katika majibu yatakayotokea tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo, ndiyo anwani ya ruta. Sasa andika ping, uache nafasi, kisha uiandike namba hiyo. Kompyuta itaibishia ruta hodi mara nne na kuonyesha kila hodi ilijibiwa baada ya muda gani. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa waya mzima, ruta hujibu chini ya milisekunde 1 au 2. Kwa waifai nzuri hujibu kwa milisekunde chache tu, pengine hadi 10. Ikiwa majibu yanarukaruka, mara 3, mara 180, mara 400, au hodi nyingine hazijibiwi kabisa, hakuna haja ya kwenda mbele zaidi wala ya kuipigia kampuni simu. Kosa limo ndani ya nyumba. Ruta ikiwa inajibu vyema, rudia kipimo kwa anwani ya mbali, mathalani 8.8.8.8, ambayo ni ya kampuni ya Google na watu wengi huitumia kwa kazi hii. Majibu yatakuwa marefu zaidi, na hilo si kosa. Habari ndani ya uzi wa kioo wa mkongo husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda ng'ambo kilomita 10,000 na kurudi huchukua milisekunde 100 hata kama kila kitu ni kizima. Kinachotafutwa hapa ni kurukaruka na kupotea kwa majibu, si urefu wake peke yake.

Wenye dishi wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Setilaiti za zamani huning'inia juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita zipatazo 36,000. Swali hupanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo, hata safari nzima ikachukua karibu nusu ya sekunde. Mzungumzaji wa dishi la namna hiyo huongea, husubiri, kisha wote wawili huongea kwa pamoja. Wala hakuna fundi awezaye kuliondoa hilo. Setilaiti mpya za Starlink, kampuni iliyopewa leseni nchini Somalia mwaka 2025, huruka chini zaidi, kiasi cha kilomita 550, na kwa sababu hiyo hujibu upesi sana. Lakini hata dishi bora likifungwa nyuma ya mnazi halitaona mbingu vizuri.

Tuseme sasa kipimo kimeonyesha kosa limo nyumbani. Katika pwani hii wa kushukiwa kwanza ni chumvi.

Wakati wa kusi, hewa ya bahari huingia kila tundu, na chumvi yake hutua juu ya shaba. Mvuvi yeyote anajua inavyofanya kwenye mishumaa ya injini ya mashua. Ndani ya kichwa cha waya wa mtandao mna nyaya ndogo nane zinazokutana na vijipande vidogo vya chuma vilivyopakwa dhahabu nyembamba mno. Dhahabu ikichubuka, shaba iliyo chini yake huota kutu ya kijani. Waya haukatiki siku moja, hudhoofika. Habari nyingine hupita na nyingine hupotea, na kila iliyopotea hulazimika kutumwa upya. Kwa nje mtu huona mtandao upo, ila ni mzito. Hii ndiyo sababu kosa la namna hii hudanganya hata mafundi.

Kuna njia ya kulitambua. Mitambo mingi ya siku hizi, ikiunganishwa kwa waya mzima, hukubaliana kuzungumza kwa kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, na kasi hiyo huhitaji nyaya zote nane. Moja ikiharibika, hushuka yenyewe hadi 100, ambayo huhitaji nyaya nne tu. Kasi waliyokubaliana huonekana katika ukurasa wa Windows wa mipangilio ya mtandao. Mtu mwenye kifurushi cha megabiti 20 hataumizwa na 100, lakini ikiwa mwaka jana aliona 1,000 na leo anaona 100, waya umeanza kuoza na utaendelea kuoza. Akiona 10, asisubiri.

Tiba si ghali. Chomoa kichwa cha waya ukitazame kwenye mwanga wa jua. Kama kuna uchafu tu, safisha kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi, uache ukauke, kisha uurudishe. Usitumie mafuta ya taa wala maji. Kama kuna ukijani, kata kipande cha mwisho cha waya na kubana kichwa kipya kwa koleo lake. Fundi mwenye koleo hilo hufanya kazi hiyo kwa dakika kumi. Waya unaopita nje ya nyumba uachwe ulegee kidogo kabla ya kuingia kwenye tundu la ukuta, hata uning'inie chini ya tundu lenyewe, ili maji ya mvua yadondoke chini badala ya kuufuata hadi ndani. Aidha, dukani chagua waya wa shaba tupu. Zipo nyaya za bei rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Huvunjika upesi zikikunjwa, na kuzinunua ni kununua usumbufu.

Baada ya chumvi, kuta. Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Kuta hizo huzuia joto, na huzuia mawimbi vilevile. Ruta nyingi hurusha aina mbili za mawimbi: ya gigahatsi 2.4, ambayo hupenya mbali lakini hubeba kidogo, na ya gigahatsi 5, ambayo hubeba mengi lakini huchoka mbele ya ukuta mmoja au miwili. Kompyuta iliyo chumba kimoja na ruta itumie ya 5. Iliyo chumba cha tatu itumie 2.4, au afadhali ivutiwe waya. Ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba, mbali na mabati na friji. Wapo wanaoifungia ndani ya kabati ili watoto wasiiguse, kisha wakashangaa. Kompyuta ya mezani ina udhaifu wake wa pekee pia: antena yake huwa nyuma ya sanduku la chuma, na sanduku lenyewe husukumwa hadi likagusa ukuta. Kuligeuza tu, antena ielekee chumbani, kumetosha mara nyingi.

Umeme nao usisahauliwe. Pale ambapo umeme hutoka kwenye jenereta na kupanda na kushuka, ruta huweza kubaki imewaka taa zote huku akili yake imevurugika. Izimwe, iachwe kwa nusu dakika, iwashwe tena. Ikihitaji kuzimwa hivyo kila siku, kifaa chake cha umeme ndicho kibovu.

Sasa yaja mambo ya ndani ya kompyuta. Hapa pana udanganyifu mwingi, kwani mashine iliyolemewa hufanana kabisa na mtandao uliolemewa. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo na kurasa 40 zilizofunguliwa pamoja itakawia hata ingefungwa kwenye mkongo wenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Orodha ya programu zinazofanya kazi itafunguka, na kila moja itaonyesha inatumia kiasi gani cha kumbukumbu na cha mtandao. Mara nyingi atakayeonekana kileleni ni Windows yenyewe ikijiletea marekebisho yake, au programu inayopandisha picha kwenye hifadhi ya mbali. Marekebisho yasizuiwe moja kwa moja, maana ndiyo kinga ya mashine. Yapangiwe saa ya usiku wa manane. Ikumbukwe pia kwamba Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

Kupandisha picha kunastahili maelezo zaidi, kwa kuwa wengi hawakujui. Njia ya mtandao nyumbani ina pande mbili, ya kuingia na ya kutoka, na mara nyingi ya kutoka ni nyembamba zaidi. Kila habari inayoingia hudai risiti ndogo irudishwe kwa aliyeituma. Kijana akirudi na simu yenye picha 300 za harusi, na simu hiyo ikaanza kuzituma zote kwa mkupuo, risiti za kompyuta hukwama nyuma ya picha hizo kama abiria aliyebeba barua moja akisubiri gari la mizigo lipakuliwe. Mtu huona kuingia kumekuwa kuzito, kumbe kilichojaa ni kutoka. Simu zizimwe waifai kwa dakika mbili, kipimo kirudiwe, na ukweli utajulikana.

Kwa familia za askari na polisi orodha hiyo ina umuhimu mwingine. Mashine inayotuma habari nyingi huku hakuna mtu anayeitumia, na kwa jina la programu ambayo hakuna mwenye nyumba anayeijua, huenda ina kirusi kinachochukua mafaili na kuyapeleka kwingine. Picha za kambi, majina ya wenzake, ratiba za zamu: haya hayafai kutoka nyumbani kwa mtu bila yeye kujua. Mashine ya namna hiyo ichomolewe mtandao kwanza, kisha ndipo isafishwe. Na zile programu zinazojitangaza kuongeza kasi ya intaneti mara dufu, bure, zisiguswe kabisa. Hakuna programu iwezayo kuongeza kasi ambayo kampuni haikuuza, na baadhi ya hizo ndizo wezi wenyewe.

Suala la jirani ni gumu zaidi, maana si la ufundi. Neno la siri la waifai lililotolewa kwa mgeni mmoja siku ya Idi huweza kufika mtaa mzima kabla ya Idi nyingine. Kumnyima jirani ni aibu. Kumpa ni kumaliza kifurushi. Ruta nyingi huruhusu kufungua njia ya pili, ya wageni, iliyowekewa kikomo cha kasi. Heshima hubaki na mazungumzo na Mombasa hayakatiki.

Kabla ya kuilaumu kampuni, hesabu moja ifanywe. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta huonyesha ukubwa wa mafaili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Filamu ya megabaiti 700 ni megabiti 5,600; kwa kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde itachukua sekunde 560, yaani zaidi kidogo ya dakika tisa, tena mambo yakiwa mazuri. Anayetarajia dakika moja hakuibiwa, alisoma vibaya.

Lakini kuna wakati wa kulalamika, na malalamiko yenye ushahidi husikilizwa. Chukua daftari la shule. Kwa siku saba andika matokeo ya ping kwa ruta na kwa 8.8.8.8, mara moja alfajiri na mara moja baada ya Isha, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya na simu zote zimezimwa waifai. Kama ruta hujibu vizuri nyakati zote, na anwani ya mbali hujibu vizuri alfajiri tu, mnara au njia ya kampuni hujaa usiku watu wote wanapokuwa nyumbani. Kama zote mbili ni nzuri na ukurasa mmoja tu ndio mzito, kosa ni la wenye ukurasa huo. Na kama ukurasa husita sana kabla ya kuanza, kisha hufunguka kwa kasi, kinachosumbua ni daftari la anwani ambalo kompyuta huliuliza kwanza. Kampuni iulizwe ni lipi lingine la kutumia.

Visiwani, penye mnara wa simu unaofika kwa taabu na pasipo waya wowote, kompyuta hupata mtandao kupitia simu iliyofungwa kwa waya wa USB. Hapo simu ining'inizwe dirishani upande unaotazama mnara, na waya uwe mrefu wa kutosha kufika mezani. Mawimbi yakiwa hafifu, picha ya video izimwe na sauti ibaki, kwa sababu sauti huhitaji sehemu ndogo sana ya njia. Na hata sauti ikikatika, irekodiwe na kutumwa. Itangoja hadi njia ifunguke, na itafika ikiwa nzima.